SSD ya bei nafuu ipimwe kwa miaka itakayofanya kazi, si kwa bei ya kaunta

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la wafanyabiashara wengi sasa limehamia kwenye kompyuta. Duka la pembejeo Makambako, chama cha msingi kinachokusanya korosho Mtwara, kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida na duka la steshenari lililo jirani na mahakama, wote wanategemea mashine iliyo juu ya meza kutunza hesabu, majina ya wateja na orodha ya wadaiwa. Mara nyingi mashine hiyo ni kompyuta ya mtumba, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za watu wengine.

Malalamiko makubwa ya wenye mashine hizo ni uzito. Kompyuta huwashwa asubuhi, mwenye duka akafagia na kupanga bidhaa zake nje, na akirudi bado haijawa tayari. Wakati wa msimu hali huwa mbaya zaidi, kwani mkulima aliyeleta magunia yake hulazimika kusimama kwenye foleni huku karani akisubiri faili la mizani lifunguke. Tangu ruzuku ya mbolea ianze kutolewa kwa mfumo wa kidijiti msimu wa 2022/23, na vyama vya ushirika vianze kutumia mfumo wa usimamizi wa MUVU, kazi zinazopita kwenye kompyuta zimeongezeka na subira ya wanachama imepungua.

Uamuzi ambao wengi huufikia ni kukusanya fedha na kununua kompyuta nyingine. Kwa ofisi nyingi ndogo uamuzi huo ni hasara. Kinachochelewesha kazi katika sehemu kubwa ya mashine hizo ni kifaa kimoja tu, yaani diski ngumu, na kifaa hicho kinaweza kuondolewa na kuwekwa SSD kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kompyuta mpya. Lakini ushauri huo, ambao ni mzuri, umeanza kuharibiwa na namna SSD zenyewe zinavyochaguliwa. Mnunuzi huangalia mambo mawili tu, ukubwa ulioandikwa kwenye boksi na bei anayotajiwa, na kwa kufanya hivyo hukosa yale yanayomhakikishia usalama wa daftari lake.

Kwa nini diski ngumu ni kikwazo

Diski ngumu ina heshima yake katika historia. Ile ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, ilikuwa na ukubwa wa kabati na ilihifadhi herufi milioni tano tu. Diski ya leo hukaa kiganjani na kuhifadhi mamilioni ya kurasa, lakini kanuni yake haijabadilika sana. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaokwenda huku na huko kutafuta mahali faili lilipo.

Kila safari ya mkono huo huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa binadamu huo ni muda mfupi, ila kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo ndipo dakika zinapopotea. SSD haina kitu kinachozunguka. Hutumia memori ya flashi, teknolojia iliyoasisiwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, na hulipata faili kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana kompyuta ileile, ikiwa na prosesa ileile, huweza kuwaka ndani ya nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski.

Kwa miaka mingi kifaa hicho kilikuwa cha matajiri. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ilitoa SSD ya gigabaiti 80 kwa bei ya jumla ya dola 595 za Marekani. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa inawezekana katika masoko ya nje kupata SSD ya terabaiti 1, yaani mara 12 ya ile, kwa chini ya dola 50. Mteremko huo haukudumu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kutokana na mahitaji makubwa ya vituo vya kompyuta vinavyoendesha akili bandia, na Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuliondoa jina lake la Crucial katika soko la wateja wa kawaida.

Habari hizo za mbali zinamhusu pia mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli, Nairobi. Bidhaa halisi inapopanda bei, ile ya bandia hupata nafasi, kwa sababu mteja aliyezoea bei ya zamani huitafuta popote inapotajwa.

Ukubwa unaotosha

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kutaka gigabaiti nyingi kuliko kazi waliyonayo. Windows 11 huhitaji nafasi isiyopungua gigabaiti 64. Programu za kuandika, za hesabu na za kuchapa risiti huchukua gigabaiti chache. Nyaraka za ofisi ni ndogo mno. Hata picha 1,000 za simu zenye megabaiti tatu kila moja hazizidi gigabaiti tatu. Kwa hiyo duka, chama cha msingi au shule inayoandika barua na kutunza hesabu hutoshelezwa na SSD ya gigabaiti 240 au 256. Anayehariri picha za harusi au kutengeneza mabango anahitaji 480 au 500. Zaidi ya hapo ni wachache, nao wanajijua.

Fedha inayookolewa kwa kuacha ukubwa usio na kazi ndiyo inayopaswa kuhamia kwenye ubora. SSD ya gigabaiti 240 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana ni mali bora kwa mfanyabiashara kuliko ya terabaiti 1 yenye jina ambalo hata muuzaji hawezi kulitamka.

Hapa kuna jambo linalozusha ugomvi madukani. Mteja hununua SSD ya gigabaiti 240, kompyuta ikamwonyesha 223, akarudi akidai ameibiwa. Hakuibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili na Windows huhesabu kwa 1,024, hivyo 256 huonekana kama 238, na 500 kama 465. Upungufu wa kiasi hicho ni wa kawaida.

Kasi isiyotumika

Kosa la pili ni kununua kasi ambayo mashine haiwezi kuitumia. SSD za aina ya SATA, zenye umbo la diski ya kompyuta mpakato, husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Zile za NVMe, zinazofanana na kipande chembamba cha ubao na huchomekwa kwenye tundu la M.2, husoma megabaiti 3,500, na nyingine 7,000 au zaidi. Tofauti hiyo husomeka vizuri sana kwenye tangazo. Kwa anayefungua faili la mauzo na kuchapa stakabadhi, tofauti ambayo ataiona kwa macho ni ile ya kutoka diski ngumu kwenda SSD yoyote nzuri. Hatua ya pili, kutoka SATA kwenda NVMe, haimpunguzii foleni.

Isitoshe, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2015 hazina tundu la NVMe. Kibaya zaidi, zipo SSD za M.2 ambazo ndani yake ni SATA, na kwa macho hazitofautiani sana na za NVMe. Mtu anaweza kununua kifaa kizima, halisi, kisicho na kasoro, na kisifanye kazi kwenye mashine yake. Njia salama ni kumpa fundi kompyuta aifungue kwanza, aseme inapokea aina gani, ndipo fedha itolewe. Mwenye mashine yenye nafasi zote mbili achague ile ambayo siku hiyo, kwa waranti ileile, inauzwa kwa bei ndogo.

Maandishi madogo ya waranti

Kwenye karatasi ya maelezo ya SSD kuna herufi tatu ambazo wanunuzi wengi huzipita, TBW. Hizo hueleza ni terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa kwenye kifaa kabla ya waranti yake kwisha, kwa sababu memori ya flashi huchakaa kwa kuandikwa. Kingston A400 ya gigabaiti 240, moja ya SSD za bei ya chini zilizoenea sana, ilitolewa ikiwa na TBW ya 80 na waranti ya miaka mitatu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250, ya daraja la juu zaidi, ilikuwa na 150 na miaka mitano.

Hesabu ndogo huondoa hofu. Ofisi inayoandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa duka au chama, itamaliza terabaiti 80 baada ya siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Kompyuta yenyewe itakuwa imezeeka. Kwa mtumiaji huyo SSD ya bei ya chini kutoka kampuni inayoweka namba zake hadharani inatosha kabisa, na wanaomtisha kwamba zote za bei hiyo ni takataka wanamdanganya.

Hesabu hiyohiyo inatoa jibu jingine kwa mwenye ghala. Kamera nne za ulinzi zinazorekodi mfululizo, kila moja kwa megabiti mbili kwa sekunde, huandika zaidi ya gigabaiti 86 kwa siku. Terabaiti 80 zitakwisha ndani ya miaka miwili na nusu. Kwa kazi ya kamera diski ngumu bado ndiyo mali, na fundi anayemshauri mteja aweke SSD kwenye kinasa picha za ulinzi anamwongezea gharama bila faida.

Lipo pia suala la aina ya memori. TLC huhifadhi biti tatu katika kila chembe, na QLC biti nne. QLC humwezesha mtengenezaji kuuza nafasi kubwa kwa bei ndogo, lakini anaponakili mafaili makubwa kwa mfululizo, mtumiaji huona kasi ikiporomoka, wakati mwingine hadi chini ya ile ya diski ngumu. Kwa nyaraka za ofisi haina madhara makubwa. Kwa anayehamisha video kila siku, TLC ina thamani ya nyongeza yake ndogo ya bei. Na jina la bidhaa pekee si ushahidi, kwani mwaka 2021 ilibainika kwamba hata watengenezaji wakubwa walikuwa wamebadilisha vipuri vya ndani vya baadhi ya SSD zao bila kubadili jina lake.

Vyote ving'aavyo

Hatari kubwa zaidi ni bidhaa za bandia. Mwaka 2022 SSD ya nje iliyouzwa mtandaoni kama ya terabaiti 30 ilipofunguliwa ilikutwa na kadi mbili ndogo za memori, za aina inayowekwa kwenye simu, zimebandikwa kwa gundi. Programu yake ilikuwa imechezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Kifaa cha namna hiyo hupokea mafaili bila kulalamika, kisha nafasi halisi ikijaa huanza kufuta ya zamani kimyakimya. Mwenye nacho hugundua siku anapoitafuta hesabu ya mwaka uliopita.

Udanganyifu wa daraja la chini yake ni kuuza SSD iliyotumika kama mpya, ikiwa imebandikwa lebo safi. Huo hugundulika kwa urahisi. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha kifaa kimefanya kazi saa ngapi na, kwa SSD nyingi, kimeandikwa kiasi gani. SSD mpya inapaswa kuonyesha saa zinazokaribia sifuri. Ili kupima ukubwa halisi ipo H2testw, nayo ni ya bure, inayojaza kifaa chote na kusoma tena kilichoandikwa. Upimaji huo huchukua muda, lakini hufanywa mara moja tu, kabla ya kuweka kitu chochote cha maana ndani yake.

SSD ya mtumba si lazima ikataliwe. Iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi ikiwa na afya ya asilimia 95 inaweza kufaa kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Sharti ni kwamba muuzaji aseme ukweli, apime mbele ya mteja, na bei ilingane na umri.

Usiache mbachao

SSD inapokufa, mara nyingi haitoi ishara. Diski ngumu huanza kugonga na kukoroma, mwenye nayo akapata siku chache za kujiokoa. SSD inaweza kufanya kazi jioni na isionekane kabisa asubuhi, na kurejesha kilichokuwemo ni kazi ngumu na ya gharama. Umeme unaokatika ghafla wakati wa kuandika huongeza hatari hiyo. Wanaotumia hoja hii kupinga SSD wana ukweli, ila tiba yake si kubaki na foleni. Tiba ni nakala ya pili.

Nakala hiyo tayari ina makazi. Diski ngumu iliyotolewa, kama bado nzima, huwekwa kwenye kasha la nje la bei ndogo na kutumika kunakili hesabu kila Ijumaa jioni. Kwa kumbukumbu zinazofungiwa kabatini kwa miaka, diski ngumu pia inafaa zaidi. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC hudai SSD ya kawaida iliyofikia mwisho wa umri wake ihifadhi data mwaka mmoja tu bila umeme, katika nyuzi joto 30, na makabati mengi ya Dar es Salaam au Tanga hufika joto hilo.

Diski hiyo isiachwe kwa fundi kama sehemu ya malipo. Ndani yake kuna majina ya wakulima, namba za akaunti na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ofisi ambayo diski yake imeokotwa mnadani haitakuwa na la kujitetea.

Mashine isiyostahili

Zipo kompyuta ambazo SSD haiwezi kuziokoa. Yenye RAM ya gigabaiti mbili itaendelea kusota hadi RAM nayo iongezwe. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa haizikubali rasmi mashine zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Mwenye mashine ya zamani zaidi ana njia ya kuweka Linux, ambayo ni ya bure na hukimbia vizuri kwenye SSD, iwapo programu anazotumia ni za mtandaoni au za kuandika na kukokotoa. Akifungwa na programu inayotaka Windows pekee, basi fedha yake ielekee kwenye mashine nyingine, na hata hiyo aichague yenye SSD.

Wajibu wa wengine

Mzigo huu usiachwe kwa mnunuzi peke yake. Tume ya Ushindani, FCC, inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 mkononi, na mara kwa mara imekamata wino na vipuri bandia. SSD zinastahili kuwemo kwenye orodha hiyo, maana madhara yake hayaishii kwenye bei iliyolipwa. Wauzaji waaminifu nao wana maslahi katika jambo hili. Kompyuta moja ya kupimia juu ya kaunta, risiti ya EFD yenye namba ya kifaa, na tarehe ya mwisho ya waranti iliyoandikwa wazi, vingewatenganisha na walanguzi bila hata tangazo.

Bodi za vyama vya ushirika, zinazotumia fedha za wanachama, zina wajibu mkubwa zaidi. Ombi la bei linaloandika "kompyuta moja, nzuri" ni mlango wa hasara. Liandike aina ya SSD, ukubwa, jina la mtengenezaji, TBW na miaka ya waranti, na kifaa kipimwe mbele ya mjumbe wa bodi kabla ya malipo. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka mkoani.

Mkulima anayeleta korosho zake mizani haijui SSD wala hahitaji kuijua. Anachotaka ni kilo zake ziandikwe leo, na mwakani zikiulizwa zionekane. SSD iliyochaguliwa kwa hesabu hizi humpa yote mawili kwa gharama ndogo, na iliyochaguliwa kwa bei ya kaunta pekee inaweza kumharakishia la kwanza na kumpotezea la pili.